Basi Letu la Bigwa

Mpaka leo naiona siku ile, mwanangu, siku mjomba wangu Mloka aliposhuka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi begani, kuja kunichukua mimi na watoto.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huria. Mitumba ilijaa sokoni, redio mpya zikaonekana, lakini kiwanda alichofanyia kazi mume wangu Salehe kilifungwa, na nyumba ya kiwanda tukaambiwa tuihame. Tulikuwa na kiwanja Bigwa, ila tofali hatukuwa nalo hata moja. Salehe akapata kibarua gereji moja ya Mwembesongo, na mwenye gereji akampa bodi la basi bovu, halina injini wala matairi. Likavutwa kwa trekta mpaka kiwanjani. Lisilo budi hutendwa. Salehe aling'oa viti, akabakiza vya nyuma, akatundika khanga katikati, huku sisi, huku watoto. Juu akaezeka nyasi, maana bati la basi mchana linakaanga mtu.

Mimi, mwanangu, niliona haya. Watoto wa jirani wakipita walipiga kelele, "Konda, shusha!" Watu wazima walicheka chini kwa chini, na hiyo ndiyo huuma zaidi. Basi nikaziba madirisha yote ya upande wa barabarani kwa maboksi. Tukawa tunaishi gizani mchana kweupe.

Habari zikapanda mlima mpaka Matombo. Kwetu Waluguru, unajua, watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema rudi, umerudi. Kwa hiyo nilipomwona, nilijua amekuja kutuchukua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ndo hapa?"

"Ndo hapa. Utusamehe, mjomba, hatuna nyumba."

Alilizunguka basi lote, akalisukuma kwa bega kuona kama mawe yaliyolibeba yameshika. Akaingia, akakaa. Kisha akauliza, "Mbona giza? Kuna mgonjwa?"

Nikamweleza habari ya wapita njia. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Yaani wanao hawaoni jua kwa sababu ya watu ambao hata majina yao huyajui? Macho hayana pazia, binti yangu. Ukiziba dirisha, watatazama paa."

Akainuka, akabandua boksi la kwanza. La pili akalibandua binti yangu Zuhura, huku akicheka. Upepo ukaingia, ukatokea upande wa pili, na milima ya Uluguru ikawa pale pale, na migomba yake.

Jioni Salehe akarudi. Alipoona ndala za mzee mlangoni, akasimama nje na grisi mikononi, akaita kwa sauti ndogo, "Hodi."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Tangu lini mwenye nyumba akabisha hodi kwake? Pita, mkwe! Nilikuja kumchukua binti yangu, nimekuta ana kwake. Ila hilo dirisha la nyuma ulilolichomelea lisifunguke, lifungue kesho. Moto ukishika mlangoni, watoto watoke wapi?"

Nililia, mwanangu, na sikuona haya kulia. Ni kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Ndizi zake tukazipika kwa nazi, tukala mlango wazi. Jirani mmoja akapita akitukodolea macho, nikamwita, "Karibu chakula!" Akaingia, akala.

Nasikia wewe na mwenzako mmepanga chumba kimoja, na shoga zako hujawaonyesha hata mlango. Usiache mbachao kwa msala upitao. Fagia chumba chako, fungua dirisha, karibisha watu. Mumeo akirudi, aingie kwake kama mwenye kwake. Anayecheka atachoka, wewe ndiye utakayelala humo.

Haya, nenda. Mungu awape paa lisilovuja, sufuria isiyokauka, na wageni wenye heri. Amina.