Kijiko cha Samli

Cresensia alipoolewa na mwanangu Josephati hapa Kansay, nilimkaribisha kwa uongo. Nilimwambia maziwa ya ng'ombe wangu mweusi ni mazito hata fisi aliyeyaiba alisinzia zizini, na asubuhi akaniamkia shikamoo; nikaapa kwa kaburi la babu yangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikasema, huyu tutaishi naye.

Mwaka 2003 Josephati tulikuwa tumeshamzika, na Cresensia ana mimba ya miezi minane. Alirudi kutoka kliniki akaniambia jikoni, bila kuficha: ana virusi. Nesi amemtaka achague. Ama maziwa ya kopo, ambayo sisi tungeyapata wapi, ama ziwa lake tu kwa miezi sita, bila uji, bila chochote. Ukichanganya, utumbo wa mtoto unachubuka na virusi vinapata njia.

"Mama, nisaidie. Hata tone la maji asipewe."

"Hatapewa," nikasema.

Penina akazaliwa. Cresensia alipalilia maharage naye mgongoni, jua linawaka, asimwache hata kwangu. Jirani yetu Verediana akamsimanga: "Hata samli hujamwonjesha? Mtoto gani huyo, wa Kizungu?"

Kwetu mtoto huonjeshwa samli, tumbo lifunguke. Mimi nimelea saba hivyo, na nesi yule alikuwa hajazaa hata mmoja.

Siku moja Cresensia alikwenda mashineni kusaga, akaniachia Penina amelala. Akaamka, akalia. Nikampa kijiko cha samli. Kimya. Basi kila mama yake alipotoka nikampa, na uji mwepesi juu yake.

"Mama, mbona mdomo wake unanukia samli?"

"Paka kamlamba. Paka wa hapa wanajipaka mafuta kama bibi harusi."

Alicheka, masikini.

Alipofikisha miezi minne mtoto akaanza kuharisha. Alipofika mwaka na nusu tukampeleka kliniki wote wawili, akapimwa virusi. Anavyo.

Nesi akamuuliza Cresensia, "Ile miezi sita ulimpa kitu kingine?"

"Sikumpa, dada. Hata maji."

Nesi akamtazama kama mwizi wa kuku. Hapo nikashindwa. "Ni mimi," nikasema. "Nilimpa samli. Na uji."

Cresensia akanishika mkono. "Msamehe, dada. Huyu mama ni mtu wa kutunga. Anataka kunibebea mzigo."

Nikaapa kwa kaburi la Josephati.

"Hata hadithi ya fisi aliapa hivyo hivyo," akasema, na machozi yanamtoka.

Penina hakuiona masika. Watu wa msiba walipotawanyika, Cresensia alikaa jikoni kwangu, kajikaza kifua kwa kanga.

"Ziwa langu ndilo lililomuua, mama."

Nikamwambia tena: kijiko, samli, uji, paka hakuwepo. Nikamwonyesha na kijiko chenyewe. Akanikumbatia, akalaza kichwa begani pangu.

"Una huruma, mama. Hebu nisimulie ile ya fisi."

Nikamsimulia.