Karibu ya Kidole Kimoja

Mama alipopata kiharusi, ulimi ulimgomea, na wageni wakaanza kutupotea. Mtaani kwetu Chuno mlango hushinda wazi, pazia limeshushwa. Mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa huondoka, maana kuchungulia nyumba ya mtu ni utovu wa adabu. Mama alikuwa akikaa sebuleni, hawezi kuinuka, anasikia hodi zote tatu, kisha anasikia kandambili zikirudi zilikotoka. Alikuwa akilia. Mimi niko kazini, jioni majirani wananiambia walipita hawakumkuta mtu.

Niliona aibu, maana riziki yangu ni kutengeneza kompyuta za watu. Nikachukua kibodi kuukuu, nikaandika programu ndogo ya kuisikiliza: Mama akibonyeza kile kitufe kirefu cha chini, spika ya mlangoni iseme "Karibu." Sauti sikuazima. Niliikata kwenye ujumbe aliowahi kunitumia kwa simu alipokuwa mzima.

Jumamosi nikabaki nyumbani kujaribu. Akaja shoga yake wa tangu usichana, anayekaa mtaa wa Rahaleo. "Hodi humu!" Mama akabonyeza, asiachie. Sasa kompyuta ina tabia hii: ukikalia kitufe kwa kidole, inahesabu kuwa umebonyeza tena na tena, upesi upesi. Programu yangu ikatii kila mara, ikianza neno upya kabla halijaisha. "Ka-ka-ka-ka-ka!" Mgeni akauliza tangu lini tunafuga kuku sebuleni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka.

Nikarekebisha hapohapo, najiona fundi kweli. Kitufe kikishabonyezwa, programu ikumbuke hivyo, na marudio yote iyapuuze mpaka kidole kiinuke. Bonyezo moja, karibu moja. Nilishajua tatizo ni nini: mkono mzito, ugonjwa.

Mama akabonyeza. "Karibu," kisha kimya. Akakandamiza zaidi. Kimya. Akanitazama kwa hasira, akaisukuma kibodi mpaka ikaanguka.

Shoga yake alikuwa bado amesimama mlangoni. "Mwanangu," akaniambia, "karibu moja anapewa mtu aliyeleta barua. Mama yako tangu lini akanikaribisha mara moja?"

Kweli tupu. Mama alikuwa akikukaribisha tangu kwenye pazia mpaka unakaa mkekani, hapumziki. Mkono haukuwa mzito hata kidogo. Alikikalia kitufe makusudi, na mimi, na ufundi wangu wote, nikamziba mdomo mara ya pili, baada ya kiharusi. Iliniuma sana.

Nikaokota kibodi, nikabadili mistari michache: kitufe kikiwa kimeshikiliwa, neno lisianze upya mpaka limalizike, likimalizika, lirudiwe. Nikamwomba mgeni atoke nje, apige hodi upya. Akatoka, ananung'unika kwamba miguu yake si ya majaribio.

"Hodi!"

"Karibu. Karibu. Karibu. Karibu," ikasema sauti ya Mama, naye akimfuata mwenzake kwa macho kutoka kwenye pazia hadi mkekani.

"Nimeshakaa, shoga," mwenzake akasema.

Hapo ndipo Mama akainua kidole.