Ukurasa Wangu Katika Daftari la Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mshenga wa Wembley nzima, na mimi nilikuwa karani wake. Nyumba yao ya Tanga ilipochukuliwa na serikali, alifika London na masanduku mawili, mume mwenye kikohozi, na imani kwamba hakuna kijana asiyeozeka. Mimi nilitumwa kwake miaka michache baadaye, ili nisome. Baba yangu, aliyebaki Tanga, alimwandikia kila mwezi kuuliza kama bado nasoma au nimeanza kuvaa suruali. Nilikuwa nafanya yote mawili.

Jamaa zetu wengi, Wahindi wa Afrika Mashariki kama sisi, waliongea Kigujarati. Shangazi alikulia dukani, kati ya magunia ya mchele na wateja, na Kigujarati chake kilichekwa na watu wa Nairobi waliohamia Stanmore, mtaa wa wenye pesa, ambao sasa walijifanya hawajapata kusikia Kiswahili maishani mwao. Kwa hiyo mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, hasa tukigombana.

Daftari lenyewe lilikuwa na jalada jekundu, na kila kijana wa kuoa au kuolewa alikuwa na ukurasa wake. Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, Shangazi alitoa sifa kwa Kiswahili na mimi niliziandika kwa Kiingereza, kwa kuwa Stanmore walitaka Kiingereza.

"Andika mrefu," alisema siku moja, kuhusu kijana ambaye hakunizidi hata kidole. Na mimi ni mfupi hata viatu vyangu nilinunua kwenye duka la watoto.

"Shangazi, huyu ni mfupi."

"Mfupi kwa nani? Andika mrefu. Mtu akishampenda hatampima."

Niliandika. Mwenye meno yaliyopishana aliandikwa mcheshi, na aliyefeli mitihani mara tatu aliandikwa mvumilivu. Lakini sifa kubwa kuliko zote ilikaa mwisho wa ukurasa, nami niliipigia mstari kwa rula. Kwa mvulana ilikuwa: hajawahi kutazama msichana. Kwa msichana: hajawahi kutazama mvulana. Shangazi aliamini kwamba sifa hiyo peke yake ilitosha kujaza ukumbi wa harusi.

Ukurasa mmoja tu ulikuwa umekunjwa kwa ndani. Ulikuwa wa kijana wa Harrow, ambaye ndoa yake ilidumu miezi minane. Mke alirudi kwao na sanduku, akasema mumewe alilala sebuleni kila siku na hakuwahi kumwambia kosa lake ni nini. Mshenga hawezi kujificha ndoa ikivunjika, kwa hiyo Shangazi alikwenda kukaa sakafuni kwa mama wa binti yule na kusikiliza aliyostahili kusikia. Aliporudi alikunja ukurasa, na hatukuutaja tena.

Kulikuwa pia na kijana wa Stanmore, mwanafunzi wa famasia, mzuri wa sura na aliyekwisha kukataa wasichana tisa. Shangazi alinituma nimpelekee picha ya wa kumi, kwa kuwa chuo chake kilipakana na changu. Tulikaa kantini. Aliitazama picha kwa adabu, akanirudishia.

"Dada, mwambie Shangazi asihangaike tena," alisema. "Nina mtu wangu. Ni mwanamume."

Ningependa kusema nilimjibu kwa busara. Nilimuuliza kama wazazi wa huyo mwanamume wanatoka Nairobi. Alicheka mpaka chai ikamwagika, na Alhamisi ile akanipeleka kwenye mkutano wao.

Ulifanyika katika chumba cha chini cha chuo, chenye viti vibovu na watu kumi na wawili, wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake. Walikuwa wakibishana juu ya karatasi ya kugawa mlangoni mwa chuo, ya kumtetea mwanafunzi mwenzao aliyefukuzwa chumba alichopanga. Nikaisoma. Ilikuwa na maneno marefu kama treni ya mizigo, na yule mwanafunzi hakutajwa mpaka chini kabisa. Nilisema shangazi yangu asingefika mstari wa pili. Wakanipa kalamu.

Wengine huingia katika kutetea haki kwa hasira, au kwa vitabu vizito. Mimi niliingia kwa mwandiko. Nilimweleza yule mwanafunzi kama Shangazi alivyonifundisha, mpaka mtu asiyemjua atamani kumfungulia mlango, ila safari hii sikutia chumvi. Baada ya hapo nikaandika kwa mkuu wa chuo, kisha kwa kaunsili ya mji, na kila Alhamisi kulikuwa na barua nyingine inayonisubiri. Aliyenisubiri pia alikuwa msichana wa Kisumu, mwanafunzi wa uuguzi, aliyekuja kwa treni na mabasi mawili toka Thamesmead, ng'ambo ya pili ya mji, na ambaye alizikata biskuti nusu nusu ili zitutoshe. Nilimpenda kabla sijamaliza nusu yangu.

Haya yote Shangazi hakuyajua. Aliamini Alhamisi nilikuwa maktaba, na akanifungia chapati.

Ndipo ikaja Jumapili aliyofungua ukurasa mweupe, akaulainisha kwa kiganja.

"Leo tunakuandika wewe. Kuna familia ya Leicester inakuja mwezi ujao. Haya: mpole."

Niliandika mpole. Nilikaa nyumbani kwake, nilikula chakula chake, na neno lake moja kwa baba lingetosha kunikatisha masomo na kunirudisha Tanga.

"Msomi. Anajua kupika." Akanitupia jicho. "Anajifunza kupika. Na mwisho, hajawahi kutazama mvulana."

Kalamu ilisimama. Nilicheka, kisha nikagundua nalia.

"Hiyo ni kweli, Shangazi. Wala sitawatazama. Nampenda mwanamke."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Basi ni usingizi."

"Sina usingizi, Shangazi."

Taratibu, vidole vyake vikaanza kurudi nyuma katika daftari, mpaka vikafika kwenye ukurasa uliokunjwa. Akaukunjua.

"Huyu wa Harrow. Tulimwandika nini mwisho?"

Nilimsomea: hajawahi kutazama msichana. Ulikuwa mwandiko wangu mwenyewe, na mstari wa rula chini yake.

"Alikuwa hivyo, kama wewe?"

"Sijui. Hatukumuuliza."

Shangazi alivaa koti juu ya sari yake, akatoka.

Siku tisa hakusema nami. Alinipakulia chakula akiwa amenipa mgongo. Siku ya kumi niliona mezani barua ya ndege, ile karatasi ya buluu ya kukunja, imeandikwa jina la baba. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilipanda juu nikaanza kupanga nguo zangu, nikizikunja vizuri, kana kwamba baba angekagua mikunjo.

"Teremka," aliita. "Na hiyo barua uitie posta kesho."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia unasoma. Kaa."

Daftari lilikuwa limefunguliwa. Alisema alikwenda kwa mama wa yule binti wa ndoa ya Harrow, akakaa tena sakafuni. "Nimemwambia kosa lilikuwa letu, mimi na daftari langu. Mwanawe hakuwa na kosa lolote. Amelia sana. Miaka miwili alikuwa akimlaumu mtoto." Akanisukumia kalamu na rula. "Futa ile sifa ya mwisho. Kurasa zote."

Tulifuta mpaka chai ikapoa. Alisema kuanzia sasa kila kijana ataulizwa kwanza anamtaka nani, jikoni, peke yake, mlango umefungwa, na mama zao wasubiri sebuleni wakitafuna chevda, vitafunio vyetu vya pilipili. Alipofika kwa kijana wa Stanmore aliutoa ukurasa mzima bila kuniuliza kitu, akanipa nimrudishie mwenyewe.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wangu. Nilinyoosha mkono kuuchana.

"Acha. Nani amekwambia uchane?"

Aliichukua kalamu. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akiandika mbele yangu, maana aliuonea haya mwandiko wake. Aliandika polepole, kwa herufi za Kigujarati alizofundishwa na babu dukani, lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili. Katikati alisita.

"Huyo mtu yupo kweli, au ni mambo ya vitabuni?"

"Yupo."

"Anafanya kazi gani?"

"Anasomea uuguzi."

"Afadhali. Mjomba wako kikohozi hakimwishi." Akamalizia, akafunga kalamu, akakwenda kuwasha jiko.

Nilivuta daftari nikasoma herufi moja moja. Si familia ya Leicester wala mtu mwingine angeonyeshwa ukurasa ule, na yeye alilijua hilo. Alikuwa ameandika: Haposwi. Ana mtu wake. Na juu kabisa, kabla ya yote, alikuwa ameandika: mrefu.