Santuri Iliyotoka Matopeni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio ndogo ya kwaya pale Mbulu, Mkuu wa Studio alinikabidhi rundo la santuri za zamani, zile nzito zinazovunjika kama sahani. "Binti, safisha kwa maji tu," alisema. "Ukitia spiriti, umeyeyusha wimbo."

Baadaye nikahamishiwa Katesh, chini ya Fundi Mkuu, mtu mkali asiyependa maswali. Yeye ndiye aliyetufundisha kuwa santuri hizo ni za mono, zenye njia moja tu ya sauti: sindano hutikisika kulia na kushoto tu. Kichwa cha stirio, yaani kifaa kinachoshika sindano, husikia pia mtikisiko wa juu na chini, na huo ni mikwaruzo mitupu. "Unganisheni nyaya za pande mbili ziwe moja," alituambia, "mikwaruzo itafutana yenyewe."

Nilistaafu, nikarudi Balangdalalu kulima mahindi. Kisha akaja Theresia wa Jorodom. Nyumba yake ilifunikwa na matope yaliyoporomoka mlimani; katika vitu vya marehemu baba yake ilipona santuri moja, yenye wimbo alioimba mzee huyo akiwa kijana.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu ndani."

"Mafundi wawili wameijaribu. Inalia kama mvua kwenye bati. Wanasema imekufa."

Ilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Niliogopa: huenda ingecheza mara moja tu. Niliiosha taratibu, nikaianika kivulini. Mashine yangu ya kuchezea santuri ilikuwa na kichwa cha stirio chenye sindano nyembamba, ambayo huzama hadi chini ya mfereji wa santuri na kuparuza uchafu. Nikaweka sindano nene, nikaunganisha nyaya, nikaandaa simu ya Theresia irekodi.

Ufa uligonga kila mzunguko. Halafu, juu ya kugonga kule, mwanamume akaimba.

Theresia alishika mdomo. "Ndiye! Anavuta pumzi vilevile, kama anapanda mlima."

Sindano ilifika mwisho bila kuruka. Nikakaa chini sakafuni nikicheka.

Watu huniuliza kama inaniuma kazi yangu kupitwa na wakati. Hainiumi. Siku ile, nilipokuwa nachochea moto wa chai, nilimsikia Theresia uani akimpigia dada yake aliye Getanuwas: "Nyamaza, usiseme kitu. Sikiliza."

Akaweka spika, akaucheza wimbo aliourekodi. Kisha, kutoka upande wa pili, sauti ya mwanamke mzima, kama ya mtoto: "Baba?"