Baba Yangu Anafuta Mlima Ukutani

Admin, ficha jina langu. Ukipenda niite Biira, maana huku kwetu kila binti wa pili kuzaliwa ni Biira na hakuna atakayejua ni yupi. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu katika shule moja ya Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Mimi si msemaji. Nimezoea kusoma kuliko kuongea, ndiyo maana nimeandika.

Mwalimu wetu wa jiografia ni baba yangu mzazi, tunamwita Tata. Kwa miaka mingi amefundisha kwa chaki za rangi. Anaweza kuchora ramani ya Uganda bila kuangalia kitabu, maziwa yote yakiwa mahali pake, na darasa lilikuwa kimya mpaka unasikia chaki. Muhula uliopita shule ikaletewa projekta na kompyuta. Mwalimu mkuu akasema atakayeshindwa kuitumia atafute kazi nyingine. Tata akawa anabaki shuleni kila jioni kujifundisha kubonyeza, mimi nikimsubiri, na tukirudi nyumbani Kyondo ananisimulia njia nzima tukipanda kilima.

Siku ya kwanza alituonyesha volkano kwenye ukuta uliopakwa chokaa kando ya ubao. Alieleza vizuri sana. Alipomaliza, akafanya anachofanya siku zote somo likiisha: akachukua dasta akaanza kufuta. Alifuta mlima ule. Haukutoka. Akaiangalia dasta, akafuta tena kwa nguvu, na moto wa volkano ukawa unamulika kipara chake na mgongo wa shati lake. Darasa lilipasuka kwa kicheko. Aligeuka, akaelewa, akacheka na yeye. Nilidhani yameishia hapo.

Kumbe Bwambale, kiongozi wa darasa, alikuwa amerekodi kwa simu chini ya dawati. Baba yake anatoa mizigo forodhani Mpondwe, simu nzuri si shida kwao. Wakaongeza sauti ya mbuzi na maneno "Mwalimu wetu anaosha volkano", wakaisambaza. Jumamosi moja nilitumwa sokoni Mpondwe, na mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vitenge, akaniita nicheke naye kwenye simu yake. "We mutoto, angalia huyu muzee. Anafutaka mwangaza na kitambaa. Huyu iko mwalimu kweli?" Nilisema simjui. Nilinunua nilichotumwa nikarudi nyumbani.

Shuleni sasa ninaitwa mtoto wa Dasta. Nikipita, wasichana wananisugua mgongo kwa kiganja, halafu wanaambiana, "Huyu naye hafutiki." Hayo ninaweza kuyavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni wanavyomfanyia yeye. Kila kipindi kikiisha, Bwambale anasimama, mikono nyuma kama mtoto mwenye adabu, anasema, "Mwalimu, bado hatujaelewa. Hebu tufutie tena." Na Tata anafuta. Anafuta mto, anafuta jangwa, anajifanya kushangaa dasta haitoi kitu, huku simu tatu nne zinamrekodi chini ya madawati. Yeye anaamini ni mchezo wake na wao. Hana simu ya kuonyesha picha, ana ile ndogo ya vitufe tu. Hajawahi kuiona video hata moja. Walimu wenzake wameziona zote, na hakuna aliyemwambia.

Jambo linaloniumiza zaidi ni furaha yake. Sijawahi kumwona hivi. Jioni moja tukiwa tunaanika kahawa aliniambia, "Mwanangu, miaka yote hii nilidhani darasa zuri ni darasa lililonyamaza. Nilikuwa nawatisha watoto bure. Mashine hii imenifundisha kazi uzeeni." Nilijikaza nikamwambia, "Tata, wanakucheka." Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mwenye shida. Akasema niwaache wacheke, mtoto anayecheka hajalala, na mimi pia nijifunze kucheka kidogo, vitabu vimenizidi.

Sasa mwalimu mkuu amemwomba azungumze siku ya wazazi, aeleze jinsi mashine ilivyobadilisha masomo. Nafikiri hata huyo mkuu anajua watu watakachocheka. Tata ameandaa hotuba na ananisomea niisahihishe. Mwishoni anamshukuru Bwambale kwa jina, mwanafunzi asiyeona haya kusema hajaelewa. Na kwa kuwa anaogopa kukosea mbele ya wazazi, ameomba mimi nikae kwenye kompyuta nimbonyezee picha.

Bwambale alisikia. Jana alinisubiri langoni akanipa flashi yenye zile video zote, zimeunganishwa. Hakunitisha, aliongea taratibu kama rafiki. "Weka hii baada ya hotuba. Ukikataa, wazazi wataziona kwa simu zetu hapohapo wamekaa. Afadhali mzee azione kwa mkono wako."

Nikimwambia Tata ukweli, najua atakachofanya. Atarudi kwenye chaki, atanyamaza, na hatafundisha tena huku akitabasamu. Pengine ataacha kazi. Nikinyamaza, atasimama mbele ya watu wa Kyondo na Bwera nzima awashukuru wanaomla nyama, halafu aone. Na akiona, atakumbuka kwamba nilikuwa nimeketi darasani siku zote hizo.

Siku ya wazazi ni Ijumaa hii. Leo Tata amerudi na shati jipya jeupe. Amelijaribu mbele yangu akageuka nimwone mgongoni. Anasema atamaliza kwa kufuta mlima, wazazi nao wafurahi, na picha hukaa vizuri kwenye nguo nyeupe. Ameniomba nilipige pasi.

Ninyi mliokuwa wanafunzi, na ninyi walimu, nishikeni mkono. Nimwambie, au nimpigie pasi?