Siku Niliyorudisha Dagaa

Kwa wiki mbili mama yangu alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na vipande vya mkate, na daktari wa zahanati alikwisha kuniambia bila kuzunguka: asipoanza kula kufikia Jumatatu, atalazwa na kulishwa kwa mrija wa puani. Hiyo ilikuwa Ijumaa. 

Nilimleta Stockholm katika miaka ya themanini, baada ya baba kufariki Kampala na vita kutuachia nyumba tupu. Alizaliwa Tanga, akaolewa Uganda, na sasa uzeeni nilikuwa nimemweka ghorofa ya sita kule Fittja, pembezoni mwa mji, mbele ya dirisha na theluji. Mimi nilifanya usafi katika ofisi za Kista, upande wa pili wa mji. Kila asubuhi nilimpikia, nikafunika sahani, nikaondoka. Kila jioni niliikuta imefunikwa vilevile. Nilimwaga chakula huku nikifoka peke yangu jikoni, kisha nikajichukia kwa kufoka. Naye aliniuliza swali lile lile: "Umekula, mwanangu?"

"Nimekula kazini, mama." Mara nyingi sikuwa nimekula.

Aliyenipa wazo ni mwenzangu wa kazini, mama mmoja wa Kenya. "Ebu mpeleke kwa hao Wakorea wa mjini," akasema. "Samaki yao iko na kichwa, na pilipili iko. Na ukienda saa ya lunch si ghali."

Nikaomba ruhusa, nikampeleka mchana ule ule. Alivaa buibui, na juu yake koti langu. Mkahawa wenyewe ulikuwa na meza sita na vioo vilivyojaa mvuke. Mwenye mkahawa alikuwa mwanamke wa rika la mama, na Kiswidi chake kilikuwa kibovu kama changu. Nikamwambia samaki tu, nguruwe hapana. Akaitikia kwa kichwa. Nikaagiza mchuzi wa kaa na ngisi, bakuli moja, la mama.

Kabla ya mchuzi akaleta wali na vibakuli vitano vidogo. Palikuwa na kabichi iliyochachuka kwa pilipili, mwani, vipande vya pweza, figili, na dagaa waliokaangwa kwa ufuta na sukari mpaka wakang'aa. Sikuwa nimeagiza hata kimoja. Miaka yangu katika mji ule ilinifunza kwamba hakuna kinachowekwa mezani bure, basi nikavisukuma vyote nyuma na kusema hapana. Akavibeba.

Hapo ndipo nilipouona mkono wa mama. Ulikuwa umeshatoka ndani ya buibui, unaelekea pale dagaa walipokuwa. Ukasimama hewani, ukarudi.

"Mchuzi unakuja, mama."

"Usijisumbue. Nimeshiba."

Ameshiba nini! Nilitamani kujipiga kofi. Mwanamke naye akarudi na vibakuli vile vile na kingine cha sita juu yake, nadhani aliona havikunipendeza. Nikampandishia sauti. Watu wakageuka.

"Unamfokea mtu mzima kama mimi?" mama akasema, akaanza kufunga vifungo vya koti. "Nirudishe nyumbani."

Nikaiona Jumatatu. Nikauona ule mrija. Nikafunika uso kwa mikono na kulia, mwanamume mzima na ndevu zangu, mbele ya Waswidi wanaokula kimya.

"Gratis," mwanamke akasema, akionyesha vibakuli. Bure. Akaeleza kwa vidole: vikiisha, anajaza tena. Kisha hakuondoka. Akaniletea bakuli langu la wali, akavuta kiti, akaketi nasi. Kwa vijiti vyake vya chuma akaokota dagaa mmoja na kumweka juu ya wali wa mama. Akaweka mwingine juu ya wangu. Akatia kabichi kinywani mwake, akatafuna, akatungoja.

 Mama akafungua koti. Akanawa vidole kwa maji ya glasi, akasema bismillahi, akafinyanga tonge la wali na kumkandamiza dagaa juu yake.  Lakini tonge halikwenda kinywani mwake. Alilipitisha juu ya meza, mpaka midomoni mwangu.

"Wewe kwanza," akasema. "Kila siku umekula kazini, umekula kazini. Na mimi nile na nani?"

Nikafungua mdomo. Alisubiri mpaka nikameza, ndipo akaanza kufinyanga tonge lake.