Spika ya Getini Ilivyonivua Heshima

Jamani, tangu Jumapili nikisikia mtu anapiga hodi, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kamera za hapa kwangu Goba nilizifunga mwenyewe. Mashine ya kurekodi nikaiunganisha na spika na kitasa cha umeme cha geti. Ikitambua sura ya mtu wa familia, inamfungulia, na sauti yangu niliyoirekodi inasema, "Karibu, pita ndani!" Fundi mzima mie! Sura ya kwanza niliyoiingiza ilikuwa ya mama mkwe, ajue namheshimu.

Jumapili mke wangu alikwenda kanisani. Mie niko bafuni, povu kichwani hadi miguuni, maji yakakatika. Nikajiambia, nani ataniona? Nikatoka kama nilivyozaliwa, ndoo mkononi, hadi kwenye tangi la uani.

Mara hodi getini. Nikanyamaza. Mgeni akipiga hodi tatu bila kujibiwa huondoka, ndivyo tulivyolelewa. Hodi ya pili, kimya. Nadhani ndipo alipoinua uso akaitazama kamera, maana nilisikia sauti yangu mwenyewe, imechangamka utadhani ya baba wa bibi harusi: "Karibu, pita ndani!"

Geti likafunguka. Macho yananiwasha kwa sabuni, lakini ile kanga niliitambua. Ndoo yenyewe ndogo, sijui nisitiri wapi niache wapi, na kamera ya uani inarekodi.

Mama mkwe aligeukia ukuta, kajifunika uso, akasema: "Baba, si umenikaribisha mwenyewe?"